Idara ya Fasihi na Suala la Ushirikishi: Tangu Waraka wa Nairobi wa 1968 hadi Leo

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kulijadili suala ambalo limezungumzwa mara nyingi katika vikao vya vyuo vikuu vyetu, lakini ambalo aghalabu huzungumzwa kwa lugha ya utawala kuliko kwa lugha ya taaluma. Suala lenyewe ni hili: katika idara inayofundisha fasihi, ni nani mwenye haki ya kuwamo, ni matini zipi zenye haki hiyo, na haki yenyewe hutambuliwaje?

Katika ngazi ya utawala jibu hutafutwa kwa hesabu. Huhesabiwa wahadhiri wa kike na wa kiume, na hutazamwa ni jamii ngapi za nchi zilizowakilishwa. Hesabu hizo zina uzito wake. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inaagiza kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka katika jamii moja, na hapana shaka kwamba agizo hilo lilitokana na uchungu ambao taifa hili lilikuwa limeuonja. Hata hivyo, idara ya fasihi haifanani na afisi nyingine za umma. Kazi yake ya kila siku ni kuchagua: kitabu kipi kisomwe, kwa lugha ipi, na kipimwe kwa kigezo gani. Idara yaweza kuwa na wahadhiri waliotoka katika kila pembe ya nchi, na bado wote wakawa wanafundisha orodha ileile, kwa lugha ileile, na kutunuku alama kwa mizani ileile waliyopimiwa wao walipokuwa wanafunzi. Watu watakuwa wamebadilika, lakini idara haitakuwa imebadilika.

Katika makala haya neno *anuwai* litatumika kwa maana ya wingi wa aina: aina za watu, za lugha, za lahaja na za tanzu. Neno *ushirikishi* litatumika kwa maana ya kitendo cha kuzipa aina hizo nafasi ya kuamua, wala si ya kuhudhuria tu. Hoja yetu kuu ni kwamba kuongeza si kushirikisha. Tutaieleza hoja hii kwa kuanzia katika tukio la kihistoria linalojulikana sana, kisha tutazame yale ambayo tukio hilo liliyatimiza na yale lililoyaacha bila kutimizwa.

2. Waraka wa 1968

Mnamo Septemba 1968, katika Chuo cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza aliwasilisha waraka kuhusu maendeleo ya Kitivo cha Sanaa na uhusiano wake na idara yake. Waraka huo ulikubali kwamba fasihi nyingine zaweza kuhitaji kuangaliwa, lakini ulichukulia kwamba Kiingereza na mapokeo yake vingeendelea kuwa shina. Tarehe 24 Oktoba mwaka huohuo walijibu wahadhiri watatu: Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong. Jibu lao lilikuja kuchapishwa katika kitabu cha Ngũgĩ kiitwacho *Homecoming* mwaka 1972, na tangu hapo limesomwa katika vyuo vingi vya dunia.

Watu wengi huukumbuka waraka wa watatu hawa kwa jambo moja tu, yaani kwamba ulitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Lakini aliyeusoma kwa makini atakubali kwamba kuvunja hakukuwa kiini chake. Swali walilouliza lilikuwa la mahali pa kusimama. Ikiwa ni lazima mwanafunzi ausome mwendelezo wa utamaduni mmoja katika historia, kwa nini utamaduni huo uwe wa Waingereza? Kwa nini fasihi ya Kiafrika isiwe katikati, ili zile nyingine zitazamwe kutoka hapo? Waandishi hawa hawakuikataa fasihi ya Ulaya; waliihesabu kuwa moja ya mito inayotiririka katika fasihi ya Afrika ya leo, pamoja na mapokeo ya simulizi na fasihi ya Kiswahili, ya Kiarabu na ya Kiasia. Walichokikataa ni ile dhana kwamba mto mmoja ndio bahari.

Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa. Walichopendekeza kiundwe hakikuwa Idara ya Fasihi peke yake. Walipendekeza idara ya fasihi *na lugha* za Kiafrika. Kiswahili kilikuwa kifundishwe sambamba na Kiingereza na Kifaransa, na lugha nyingine, zikiwamo Kiarabu, Kihindustani, Kikuyu, Kiluo na Kikamba, ziingizwe kwa hiari kadiri ambavyo ingewezekana. Kwa maoni yao, mtu hawezi kuisoma fasihi ya watu huku akiiacha lugha yao mlangoni.

3. Lililotimia na lililosalia

Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa makubwa, na si haki kuyadharau. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kusimama peke yake mwaka 1970, majadiliano haya yalikwisha kushika njia. Idara ya Kiingereza ikawa Idara ya Fasihi, riwaya na tamthilia za Waafrika zikaingia katikati ya mafunzo, na fasihi simulizi ikapewa kiti. Mwaka 1974 ulifanyika katika Shule ya Nairobi mkutano wa walimu na wahadhiri kuhusu ufundishaji wa fasihi katika shule za sekondari, na mapendekezo yake yalisaidia kuifikisha fasihi ya Kiafrika na fasihi simulizi katika mitihani ya shule. Mwanafunzi wa leo anayesoma ngano za kwao darasani na kuulizwa maswali juu yake anakula matunda ya mti uliopandwa wakati ule.

Lakini mti huo ulikatwa tawi moja tangu mwanzo. Idara moja ya fasihi na lugha haikupatikana. Zilipatikana idara mbili: moja ya fasihi, ambayo iliendelea kufanya kazi zake zote kwa Kiingereza, na nyingine ya isimu na lugha za Kiafrika, ambamo Kiswahili pamoja na fasihi yake yote vilipewa makao. Mpango huu ulienea katika vyuo vingine, na kwa miaka mingi umeonekana kuwa jambo la kawaida. Hata Dar es Salaam, ambako Idara ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1970 ilithibitisha kwa vitendo kwamba uhakiki wa kina waweza kufanywa kwa Kiswahili, Idara ya Fasihi ilisimama kando na kufundisha kwa Kiingereza.

Matokeo yake ni kwamba neno *fasihi*, lisipoongezwa kitu, lilikuja kumaanisha fasihi kwa Kiingereza. Ile iliyoandikwa kwa lugha ya Kiafrika ilibidi itajwe kwa jina la lugha yake. Kasumba hii haikuzaliwa Nairobi. Mkutano wa waandishi wa Kiafrika uliofanyika Makerere mnamo Juni 1962 uliitwa kwa ajili ya wale waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza. Kwa sharti hilo, Shaaban Robert, ambaye alikuwa amekwisha kuandika vitabu vingi kuliko wengi wa waalikwa, hakuwa na njia ya kuingia. Alifariki dunia mwezi huohuo. Ngũgĩ mwenyewe, aliyehudhuria mkutano ule akiwa mwanafunzi, alikuja kulikumbusha jambo hili kwa majuto, na kuanzia *Ngaahika Ndeenda* ya mwaka 1977, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, alishika njia ya kutunga kwa Kikuyu hadi alipofariki mwaka 2025.

Mwandishi wa makala haya alipokuwa ng'ambo akisomea shahada ya uzamili alikuta maktaba ambamo riwaya za Waafrika kwa Kiingereza ziliwekwa katika ghorofa ya fasihi, na zile za Kiswahili katika ghorofa ya lugha, pamoja na sarufi na kamusi. Nilipouliza sababu nilijibiwa kwa upole kwamba ndivyo vitabu vinavyopangwa. Niliona ajabu, nikajiambia kwamba wageni hawatujui. Niliporejea nyumbani na kuanza kufundisha, nilitambua kwamba mpangilio ulikuwa uleule. Tofauti ni kwamba huku hapakuwa na ghorofa, bali milango miwili katika ujia mmoja, na wahadhiri wa pande zote mbili wakipita bila kuulizana wanasoma nini.

Fasihi simulizi nayo haikusalimika. Mwanafunzi hutumwa kijijini kwao akusanye wimbo wa Kikamba au wa Kipokoti. Huuleta, huutafsiri kwa Kiingereza, na mtihani huulizwa juu ya tafsiri. Vina, takriri, toni na tanakali za sauti, ambavyo ndivyo vilivyomfanya bibi yake auimbe wimbo ule badala ya kuusema, hubaki katika kanda ambayo hakuna anayeisikiliza tena. Hapa ndipo inapoonekana tofauti kati ya kuongeza na kushirikisha: wimbo umeingia idarani, lakini umeingia bila lugha yake.

4. Wanawake waliomo na wasiokuwamo

Waraka wa 1968 ulitiwa saini na wanaume watatu. Hilo si kosa lao pekee. Linaonyesha jinsi vyumba vya wahadhiri vilivyokuwa. Micere Githae Mugo, aliyeanza kufundisha Nairobi katika miaka ya sabini, akaandika na Ngũgĩ tamthilia ya *The Trial of Dedan Kimathi* iliyochapishwa mwaka 1976, na akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kitivo katika chuo hicho, alionyesha kwa kazi yake kwamba swali la nani awe katikati haliishii katika rangi na utaifa.

Upande wetu wa Kiswahili tumezoea kujitetea kwa kumtaja Mwana Kupona binti Msham na utendi wake wa mwaka 1858. Tukishamtaja, tunaona deni limelipwa. Lakini mwanamke mmoja hawezi kubeba karne mbili za utunzi wa wanawake. Pwani ya Kenya na visiwa vya Unguja na Pemba vimejaa tungo za wanawake zilizoimbwa katika vugo, katika lelemama na katika shughuli za harusi, na nyingi kati yake ni mashindano makali ya maneno yaliyojaa siasa za mitaa, mafumbo na hukumu. Mhakiki aliyefunzwa kuutafuta ushairi katika diwani peke yake hatauona ushairi huu. Mfano ulio dhahiri ni wa Siti binti Saad. Wanafunzi wetu husoma *Wasifu wa Siti Binti Saad*, kitabu cha Shaaban Robert, na kukichambua kwa makini. Nyimbo zenyewe za Siti, ambazo alianza kuzirekodi katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928, si wengi waliozisikia darasani. Mwanamke anasomwa kwa kalamu ya mwanamume, na sauti yake mwenyewe, iliyohifadhiwa, inaachwa.

Vivyo hivyo katika tamthilia na riwaya. *Nguzo Mama* ya Penina Muhando ya mwaka 1982, *Mama Ee* ya Ari Katini Mwachofi ya mwaka 1987 na *Mali ya Maskini* ya Zainab Burhani si vitabu vigeni kwa wasomaji wa jarida hili. Swali ni mahali vinapowekwa. Vikiwekwa katika kozi ya hiari iitwayo fasihi ya wanawake, na kozi ya lazima ya riwaya au ya tamthilia ikabaki kama ilivyokuwa, tumewajengea waandishi hawa kibanda nje ya nyumba. Mwanafunzi ataelewa, bila kuambiwa, kwamba wanawake huandika juu ya wanawake, na wanaume huandika juu ya binadamu.

5. Lahaja za vitabuni na lahaja za darasani

Naomba niungame kosa langu mwenyewe. Katika miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha nilisahihisha insha ya mwanafunzi kutoka Mombasa aliyeandika *mato* mahali pa *macho*, *ndia* mahali pa *njia*, na *kuteka* mahali pa *kucheka*. Nilipigia mstari mwekundu kila neno, nikapunguza alama. Juma lililofuata niliingia katika darasa hilohilo kufundisha mashairi ya Muyaka bin Haji, nikasifu utamu wa Kimvita chake na kueleza jinsi lahaja ilivyompa nafasi ya kuchezea vina. Baada ya kipindi kijana yule alinifuata, akaniuliza kwa adabu: “Mwalimu, je, ni lazima mtu afe kwanza ndipo maneno yake yawe sahihi?” Sikuwa na jibu wakati ule, na nimekuwa nikilitafuta tangu siku hiyo.

Historia ya jambo hili inajulikana. Mwaka 1928 wawakilishi wa serikali za kikoloni na wa misheni walikutana Mombasa, wakaichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya kulisimamia suala hilo katika nchi za Afrika Mashariki. Usanifishaji umetupa faida kubwa ambayo hakuna mwenye akili timamu angetaka kuipoteza. Bila huo, jarida hili lisingesomwa Dodoma na Kakamega kwa wepesi uleule. Lakini usanifu ni makubaliano juu ya matumizi fulani: mafunzo ya shule, utawala, uandishi wa kitaaluma. Si kipimo cha ubora wa lugha, wala si leseni ya kumwambia mwenye lugha kwamba hakijui alichonyonya kwa mama yake. Abdilatif Abdalla alipoitunga *Sauti ya Dhiki*, iliyochapishwa mwaka 1973 baada ya kifungo chake cha 1969 hadi 1972, aliitunga kwa Kimvita, na wahakiki wote wanakubali kwamba ni moja ya nguzo za ushairi wetu. Kama angeitahini kwetu, pengine angeletewa karatasi yenye mistari mingi myekundu.

Suala hili halikomei Mombasa na Lamu. Mwaka 1965 huko Elisabethville, mji ambao leo unaitwa Lubumbashi, iliandikwa historia ya mji kwa Kiswahili cha watu wa Katanga, kazi ya André Yav kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Ni masimulizi ya mji kama ulivyoonwa na wapishi na madobi wake. Maandishi hayo yalitolewa kwa wasomi mwaka 1990 na Johannes Fabian. Ni wangapi kati yetu wameyaweka katika orodha ya nathari ya Kiswahili? Tunapotaja idadi ya wazungumzaji wa Kiswahili duniani tunawahesabu Wakongomani kwa fahari. Tunapopanga mafunzo tunawasahau.

Yapo pia mafunzo katika ule mjadala wa muda mrefu kuhusu ushairi huru, uliowaka hasa baada ya *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974. Watetezi wa vina na mizani walihofu kwamba wasomi wa bara wanauchukua ushairi kutoka mikononi mwa wenyewe. Watetezi wa mtindo mpya waliona kwamba wanazuiwa kusema. Hofu zote mbili zilikuwa za ushirikishi, ingawa hazikuitwa kwa jina hilo. Ibrahim Noor Shariff, katika *Tungo Zetu* ya mwaka 1988, alikumbusha kwamba mapokeo yenyewe yana bahari nyingi, na kwamba yule shairi wa mistari minne hakuwa peke yake nyumbani. Aliyedhani kwamba analinda mapokeo, na aliyedhani kwamba anayavunja, wote wawili walikuwa wameyapunguza kwanza.

6. Matini zenye kutenga

Ushirikishi haumaanishi kuingiza matini mpya peke yake. Unadai pia kuzisoma upya zile za zamani. Methali isemayo *Mgala muue na haki umpe* hufundishwa kila mwaka kuwa kielelezo cha uadilifu: hata adui apewe haki yake. Ufafanuzi huo ni sahihi. Lakini Mgala huyu si jina la kubuni. Ndilo jina ambalo watu wa pwani waliwaita Waoromo, na Waorma wa Mto Tana ni miongoni mwao. Siku itakapotokea kwamba katika safu ya tatu ameketi mwanafunzi Mworma, mhadhiri atakuwa anamweleza kwamba uadilifu wa Waswahili unaanza na kifo cha babu yake.

Sisemi kwamba methali hiyo ifutwe. Kuifuta ni kuificha historia ya vita, ya utumwa na ya malisho katika ukanda ule. Ninachosema ni kwamba isifundishwe nusu. Mwanafunzi aulizwe: nani anasema, anamsema nani, na kwa nini haki inakuja baada ya kuua? Swali hili haliishushi hadhi methali, linaiongezea kina. Na yule kijana wa Tana badala ya kuwa mtu anayesemwa atakuwa msomaji kama wengine, tena mwenye ujuzi ambao mhadhiri hana.

7. Fasili yenyewe ya fasihi

Kuna watu ambao hatuwatengi kwa orodha ya vitabu, bali kwa fasili. Wanafunzi wetu hukariri kwamba fasihi simulizi ni sanaa inayopitishwa kwa mdomo, na fasihi andishi ni ile inayopitishwa kwa maandishi. Je, ngano inayosimuliwa na kiziwi kwa Lugha ya Ishara ya Kenya ni ipi? Ina msimulizi na hadhira, ina ucheshi na taharuki, ina takriri za mikono kama vile wimbo ulivyo na takriri za sauti. Haina mdomo, wala haina wino. Kwa fasili zetu haipo. Ilhali Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka Serikali ikuze lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Mabunge ya sheria yametutangulia sisi wataalamu wa nadharia. Tukifasili fasihi simulizi kuwa sanaa ya lugha inayotendwa mbele ya hadhira, kasoro hii itaondoka, na nadharia yetu itakuwa imara zaidi kuliko ilivyokuwa.

Kwa wasioona, tatizo si fasili bali kitabu. Diwani isiyopatikana kwa Breli wala kwa sauti haijafundishwa kwa mwanafunzi huyo, hata kama amesajiliwa, amelipa ada, na jina lake limeitwa.

8. Pingamizi

Zipo pingamizi tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya muda: saa za muhula hazinyumbuki, na kila kinachoingia hukitoa kingine. Ni kweli. Lakini orodha ya sasa nayo ni uchaguzi, na aliyeitunga alivitoa vingine bila kutuambia. Tunachotakiwa ni kuchagua kwa sababu zinazosemwa wazi.

Ya pili ni ya kiwango: kwamba tukilegeza lango, ubora utashuka. Hofu hii inachanganya kigezo na mazoea. Mwimbaji wa vugo anahukumiwa na hadhira yake kwa ukali kuliko mtahini yeyote. Kazi yetu ni kuvijua vigezo hivyo na kuvitumia, si kumsamehe kwa kutokuwa mtunzi wa soneti.

Ya tatu ndiyo nzito: kwamba kila jamii ikidai lugha yake, idara itakuwa baraza la makabila. Wengi wetu tuliomo katika Kiswahili hujibu haraka kwamba Kiswahili ndicho kitakachotuunganisha. Jibu hilo lina ukweli, lakini lina hatari yake. Kiswahili chaweza kukalia kiti kilekile kilichoachwa na Kiingereza, na kuziita lugha za Waaweer, Waturkana na Waborana vijito vyake. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumeusoma waraka wa 1968 kwa manufaa yetu peke yetu. Kiswahili kifae kuwa ukumbi wa kukutania. Kisigeuke mwenye nyumba anayewapangisha wengine.

9. Mapendekezo

Kutokana na yaliyotangulia, tunapendekeza mambo machache yanayoweza kuanza bila kungoja fedha nyingi.

Kwanza, idara za fasihi na za Kiswahili ziwe na angalau kozi moja ya lazima inayofundishwa kwa pamoja, ambamo matini ya Kiswahili na ya Kiingereza zasomwa ubavu kwa ubavu, kila moja kwa lugha yake.

Pili, katika fasihi simulizi, matini asilia iwasilishwe na kuhakikiwa pamoja na tafsiri, na jina la msimulizi liandikwe kama tunavyoandika jina la mwandishi. Nakala ya kilichokusanywa irudishwe kijijini kilikotoka.

Tatu, lahaja zikubaliwe katika kazi za ubunifu na katika manukuu, na mwanafunzi afunzwe wazi ni wapi usanifu unahitajika na kwa nini.

Nne, waandishi wa kike waingie katika kozi za lazima za kila utanzu.

Tano, kitabu kisiteuliwe kuwa cha lazima kabla ya kuhakikisha kwamba kila mwanafunzi aliyesajiliwa anaweza kukisoma, iwe kwa macho, kwa vidole au kwa masikio.

Sita, orodha ya vitabu ijadiliwe kila baada ya miaka michache katika kikao chenye wanafunzi na wahadhiri wa ngazi zote, na sababu za uteuzi ziandikwe.

10. Hitimisho

Wahadhiri watatu wa mwaka 1968 waliuliza ni nini kiwe katikati. Swali lao lilikuwa la lazima, na limetufikisha hapa. Lakini miaka iliyopita imetufunza kwamba kila kitovu, hata kilichopatikana kwa haki, kina pembe zake ambako wapo wanaongoja. Kwa hiyo swali la katikati haliulizwi mara moja na kufungwa. Huulizwa kila orodha inapopangwa na kila karatasi inaposahihishwa.

Yule mwanafunzi wa Mombasa alihitimu. Insha yake ninayo, na mistari yangu myekundu bado inaonekana. Huitumia kila mwaka kuwafunza wahadhiri wasaidizi jinsi ya kusahihisha: nawapa kwanza insha, kisha nawapa shairi la Muyaka, na kuwaomba wapigie mstari makosa katika zote mbili kwa kalamu ileile.